Wenye maduka wa Pemba, likataeni daftari la mikeka

Hesabu za Dukani (mwanzisha uzi)

Assalamu alaikum ndugu zangu.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauandika kwa ajili ya wenye maduka ya rejareja, hasa wale ambao pembeni ya mchele na sukari wana laini ya uwakala wa pesa, maana hao ndio wanaotafutwa na watu wa mikeka, yaani dau za kubeti mpira. Kazi yangu ni kuwatengenezea wafanyabiashara wadogo hesabu zao hapa Chake. Naona madaftari ya watu wengi, na mara nyingi naiona biashara inaumwa kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Nitakachokieleza kimempata mtu ninayemheshimu sana. Ameniruhusu nikiandike kwa sharti nisitaje jina wala shehia, kwa hivyo msiniulize ni nani.

Ni mtu wa makamo. Duka lake la kawaida: mchele, unga, mafuta ya kula, sabuni, vocha, na kidirisha cha kuweka na kutoa pesa. Nje pana baraza. Jioni wanakaa vijana kwa wazee, kahawa inapita, dhumna inapigwa. Amekopesha mtaa mzima na mtaa mzima unamlipa, kwa sababu kwetu mtu halipi deni la duka kwa kuogopa hakimu. Analipa kwa kuwa kesho alfajiri atasimama safu moja na mwenye duka msikitini. Imani hiyo ilikuwa na thamani kuliko kila kilichomo rafuni, na hiyo ndiyo waliyoifuata.

Alikuja kijana mmoja wa adabu sana, anamwita "ami". Akamwambia, ami, hawa vijana wa barazani kwako kila wiki wanabeti kwenye simu, pesa yote inaondoka kisiwani. Kwa nini wasiandikie hapa? Wewe hubeti. Kazi yako ni kuandika tu, na kila shilingi 100 inayoandikwa 10 ni yako. Ilikuwa Agosti. Mnaijua Agosti ya Pemba msimu ukiwa mzuri: karafuu ziko kwenye majamvi, vituo vya ZSTC, shirika la biashara la serikali, vinanunua, noti ziko mikononi mwa watu. Na Agosti hiyo hiyo ndipo ligi ya Uingereza inapoanza. Aliyemtuma kijana yule alikuwa anaujua msimu wetu kama mkulima.

Daftari lenyewe nimelishika. Ni lile lile la madeni ya duka. Upande wa mbele: sukari kilo 2, unga wa ngano nusu, sabuni mche mmoja. Ukiligeuza juu chini ukaanzia nyuma, ndimo ilimo mikeka: jina la utani, mechi, kiasi, na alama ya vema kwa aliyelipa taslimu. Kurasa za mwanzo vema zimejaa. Mwezi wa pili vema zinaanza kupungua, na pembeni pameandikwa "kesho", "akiuza karafuu", "atapitisha Ijumaa". Baadaye hata hayo maneno hayapo, ni jina na kiasi tu, ukurasa baada ya ukurasa.

Sasa hesabu. Hapa naomba kila mwenye duka asome na kalamu mkononi.

Kwanza tajiri, yaani yule mwenye mikeka aliyemtuma kijana, anavyokula. Chukueni mechi ambayo pande zote mbili zina nafasi sawa na hakuna sare. Odi ya haki, yaani mara ngapi ya dau analipwa mshindi, ni 2.00 kila upande. Tajiri anatoa 1.80. Watu wakiweka laki moja huku na laki moja kule, kakusanya laki mbili. Anayeshinda analipwa laki na elfu themanini. Elfu ishirini inabaki kwa tajiri, afungwe nani asifungwe nani. Akiona upande mmoja umelemewa, na yeye anapeleka ziada kwa tajiri mkubwa zaidi yake. Hiyo ndiyo kazi ya kuendesha kitabu cha mikeka popote duniani: kuhakikisha hasara inakaa kwa mtu mwingine.

Sasa mwenye duka. Tuseme wiki hii kaandika mikeka ya 1,000,000. Kamisheni yake 100,000. Katika milioni hiyo, taslimu ni 400,000. 600,000 ni mkopo, kwa sababu hawa ni watu wake, kazoea kuwakopesha unga, na kijana alimwambia "wape tu ami, watalipa". Walioshinda wanadai 500,000. Tajiri anadai chake: milioni, toa kamisheni, toa za washindi, 400,000, na anaitaka Jumatatu mkononi. Habari za mkopo yeye hazimhusu. Kwa hivyo mwenye duka anatakiwa atoe 900,000 na droo ina 400,000. Waliokopa wakilipa nusu, yaani 300,000, bado anapungukiwa na 200,000. Ameandika wiki nzima, kamisheni laki moja, mikopo isiyolipwa laki tatu. Laki mbili zinatoka wapi? Zinatoka kwenye pesa ya kununulia sukari. Wiki chache tu za namna hiyo na rafu zinaanza kuonyesha mbao.

Na mteja aliyekopa mkeka hana pa kumdai. Deni la unga unaweza kumfikisha mtu kwa sheha, na sheha atalisikiliza. Deni la kamari halipelekwi kwa sheha wala halifunguliwi kesi mahakamani. Msikitini ndiyo kabisa, Suratul Maida aya ya 90 imeiweka kamari pamoja na ulevi. Mteja anayajua yote hayo, na mkeka ukichanika, yaani akikosa, anamjibu: ami, hii ni haramu, mie siwezi kuilipa. Anamaliza, anaondoka.

Lakini tajiri anamdai mwenye duka, na tajiri hahitaji mahakama. Nitaendelea.

Hesabu za Dukani

Sehemu ya pili.

Alipokwama, yule kijana akamwambia yupo mtu wa kumsaidia. Milioni mbili, bila rehani, bila karatasi. Kila wiki atoe 200,000, na zile milioni mbili zinakaa palepale mpaka atakapozirudisha zote kwa mkupuo. Pigeni wenyewe. Baada ya wiki kumi ameshatoa milioni mbili na bado anadaiwa milioni mbili. Wenzetu wa New York wana mkopo wa mtaani wa aina hiyo hiyo tangu zamani: chukua dola 5, rudisha 6 wiki ijayo. Asilimia 20 kwa wiki. Mtu hapewi mkopo huo ili aumalize.

Nilimuuliza kwa nini hakwenda kwa kaka zake, watu wana mashamba na wanampenda. Alinijibu: "Wangeniuliza zilikwenda wapi." Hapo ndipo walipomshika. Angeweza kukopa kwa ndugu, kwa jirani, hata kwa mwenye duka la jumla aliyemjua miaka yote, lakini kila mlango huo una swali, na swali hilo hakuweza kulijibu. Mlango usio na swali ulikuwa mmoja tu.

Wiki aliyoshindwa kulipa hawakumpiga. Hili nataka lisomwe vizuri, kwa sababu watu wengi wanasubiri kuona panga ndipo waamini kuwa wameingia kwenye genge. Walikuwa wapole. Walimwambia asijitese na deni, atawasaidia kwa njia nyengine: laini yake ya uwakala. Pesa zikaanza kuingia kidogo kidogo, kutoka kwa majina asiyoyajua. Usiku duka likifungwa anakuja mtu na vespa, anahesabiwa noti, anaondoka. Baada ya hapo ikawa risiti: andika umeuza magunia ya sukari, na magunia hayo hakuwahi kuyaona. Baada ya risiti yakaja maboksi, wakamwambia ayaweke stoo siku mbili tatu. Hakuyafungua.

Hapo hatuzungumzii mpira tena. Anayeuza dawa za kulevya, anayeendesha magendo, anayeuza vya wizi, wote shida yao moja: noti nyingi zisizo na maelezo. Duka la rejareja lina kitu wasichokuwa nacho, sababu halali ya kushika noti ndogo ndogo kutwa nzima. Mikeka ilikuwa njia ya kumfikia. Deni likawa kamba. Walichokitaka tangu mwanzo ni duka, jina lake zuri na kidirisha chake.

Na kila alichowafanyia kimeandikwa kwa jina lake. Tangu laini zilipotakiwa zisajiliwe kwa alama za vidole, na zile zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, kila muamala una kidole nyuma yake. Kidole hicho ni cha mwenye duka. Zanzibar tuna sheria yetu ya kupambana na utakatishaji wa fedha na mali zitokanazo na uhalifu tangu 2009. Sheria za namna hiyo hazimkamati aliyeuza dawa peke yake. Zinamfikia na aliyepokea, aliyeficha na aliyehamisha, akiwa anajua au ana sababu ya kujua. Mtu anayelipwa kwa kutouliza ana sababu ya kujua.

Baharia wa Mkoani

Wa alaikum salaam ndugu. Nimesoma yote. Lakini nikuulize kwa heshima. Kubeti Bara ni biashara halali, inalipa kodi. Mwaka 2017 kampuni moja ya kubeti ilidhamini Simba na Yanga kwa mpigo. Vijana wetu hawana kazi, wanaona matangazo kutwa kwenye simu zao. Halafu mwenye duka Chake akiandika mkeka wa elfu moja anakuwa jambazi? Tofauti iko wapi?

Hesabu za Dukani

Swali zuri, Baharia, na nalijibu kwa kirefu kwa sababu kijana yule alilitumia swali hilo hilo kumlainisha ami.

Kisheria: leseni za Bara zinatolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya 2003, na sheria ile ni ya Tanzania Bara. Mtu anayeandika mikeka nyuma ya daftari la unga Pemba hana leseni ya huko wala ya hapa. Kidini wote tunajua tunaposimama, na mie msimamo wangu ni kuwa kamari ni kamari, iwe na leseni au haina. Sitaki mtu asome uzi huu akadhani nampigia debe kampuni yoyote.

Lakini yako mambo mawili ambayo mfanyabiashara lazima ayaone. Kampuni yenye leseni inachukua pesa kwanza. Huna salio, huna mkeka. Ukipoteza umepoteza ulichokuwa nacho, na hakuna anayekudai. Na kampuni ikikunyima ulichoshinda, ipo bodi ya kulalamikia. Kwenye daftari la dukani ni kinyume: mkeka ni wa mkopo na mlalamikiwa hana ofisi. Mkopo ukikosa mahakama, anayeudai ni mwenye nguvu. Ndiyo maana magenge yanaipenda kazi hii nchi zote.

Uingereza wenyewe walipita huko. Kwa miaka mingi mtu wa kawaida kule alikuwa haruhusiwi kuweka dau taslimu nje ya uwanja wa farasi. Watu hawakuacha. Dau likawa linakusanywa na wapita njia, kwenye vilabu vya pombe, viwandani, kwa vinyozi, kwenye vibanda vya magazeti. Wenye vibanda wale ndio ami wetu. Sheria ilibadilishwa 1960, na maduka ya kubeti yenye leseni yakafunguliwa Mei 1961. Marekani nako hadi 2018, pale Mahakama ya Juu ilipoifuta sheria ya taifa iliyokuwa inayazuia majimbo mengi, kubeti mpira kulikuwa halali kwa ukamilifu Nevada pekee. Kwengine kote soko lilikuwa la watu wa madaftari, na nyuma ya wengi wao walisimama wakubwa wa mafia wakichukua fungu lao kila wiki.

Kwa hivyo sisemi kuwa ami ni jambazi. Nasema aliwekwa mahali ambapo hasara zote ni zake, hatia yote ni yake, na faida ni ya mtu ambaye hata sura hakuwahi kumwona.

Bibie wa Machomane

Assalamu alaikum. Kaka, nakushukuru kwa kuandika, lakini mie nina la kusema, na litakuwa chungu.

Mume wangu aliuza karafuu zake mwaka ule. Nilijua kiasi, nilikuwepo zinapopimwa. Katika wiki mbili hapakuwa na kitu. Watoto wanataka sare za skuli, mie nikaenda dukani kwa yule mtu, duka jengine si hilo lako, nikamwomba kilo mbili za unga za mkopo. Akaniambia, "Bibie, daftari limejaa, Bwana ana deni kubwa." Nikarudi nyumbani nikimwonea haya, nikijua ni deni la chakula. Kumbe mume wangu alikuwa anakopeshwa mikeka pale pale, siku ile ile, mie nanyimwa unga.

Pesa yangu ya mchezo, wanawake kumi na mbili tunachangiana, zamu yangu ilipofika niliilipa kwenye lile daftari ili duka lituuzie tena. Kwa hivyo mnapomhurumia mwenye duka, na mie namhurumia kwa kuwa nimeambiwa nihurumie, msisahau kuwa kabla hajashikwa yeye alishatushika sisi. Alimkopesha mtu asiye na kazi kitu ambacho hakiliki.

Hesabu za Dukani

Dada yangu, sina la kukupinga hata moja. Ami mwenyewe, tulipokuwa tunapitia daftari jina kwa jina, alisimama kwenye majina matatu na kusema wake zao wamekuja kukopa unga na amewarudisha. Hakusema zaidi. Majina hayo tumeyatenga. Kilichoandikwa upande wa mikeka kwa watu wale hakitadaiwa kamwe, na kilicholipwa na wake zao kwa pesa zao wenyewe kinarudishwa kidogo kidogo, kwa bidhaa. Ameanza na unga.

Wenye maduka wengine mnaosoma: mkifika kwenye kusafisha madaftari yenu, anzieni hapo.

Mtoto wa Wete

Hebu tuseme jambo ambalo hamlisemi. Akikataa, watamfanya nini? Sisi tunaishi kisiwani. Huna pa kujificha kutoka Kigomasha hadi Kengeja. Nimewahi kusoma habari za Ken Eto wa Chicago. Yule aliwaendeshea mafia bahati nasibu ya mtaani kwa miaka na miaka, akawatajirisha. Mwaka 1983 alipotiwa hatiani kwa kesi ya kamari, wakubwa wake wakaogopa atasema. Tarehe 10 Februari akapigwa risasi tatu za kichwa akiwa ndani ya gari. Hakufa. Alijikokota akaomba msaada, na baada ya hapo ndipo aliposema kila kitu kwa serikali. Wale wawili waliotumwa kumuua walikutwa wamekufa kwenye buti la gari mwezi wa Julai mwaka huo huo. Sasa kama mtu aliyewatumikia uaminifu miaka yote hiyo walimfanyia hivyo kwa kumshuku tu, huyu ami wetu ni nani?

Hesabu za Dukani

Mtoto wa Wete, kisa hicho ni cha kweli, na mie nakisoma kwa upande wa pili. Kilichomfikisha Eto kwenye gari lile ni uaminifu wake. Alikaa nao mpaka akajua mengi. Kila wiki mwenye duka anayobaki ndani anajua jina moja zaidi, anashika boksi moja zaidi, na hatari yake inakua hata akiwa mtiifu kama mtumwa. Usalama wa kukaa kimya haupo. Upo wa leo tu.

Kuhusu kuogopa, siwezi kumwambia mtu asiogope. Palermo, kisiwani Sisilia, alikuwepo mfanyabiashara Libero Grassi, mwenye kiwanda cha nguo za ndani. Mafia walimtaka awe anatoa kodi yao kama wenzake. Januari 1991 akaandika barua gazetini, wazi, kwamba halipi. Wafanyabiashara wenzake wengi wakamkwepa. Tarehe 29 Agosti mwaka huo aliuawa karibu na nyumba yake. Aliachwa peke yake, na kuachwa huko ndiko kulikomrahisishia muuaji kazi. Mwaka 2004 vijana wa mji ule ule walibandika karatasi mitaani usiku, wakianzisha kinachoitwa Addiopizzo: wenye maduka wanaosema hatulipi wanajitaja pamoja hadharani, na wateja wanaahidi kununua kwao. Duka moja linalokataa linaweza kuchomwa moto. Maduka mengi yanayokataa siku moja, na mji mzima unayajua, ni kazi nyengine kabisa.

Sisi hatuna haja ya kuanzia mbali. Tuna shehia, tuna misikiti, wenye maduka wanajuana kwa majina na kwa baba zao. Kijana wa adabu akishapita duka la kwanza, habari ifike duka la pili kabla yake.

Mwenye Duka Konde

Assalamu alaikum. Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu. Mie nimeshaandika. Si mingi, lakini nimeshaandika, na wiki iliyopita kijana kanambia kuna mtu anaweza kuniongezea floti, pesa ya kuendeshea uwakala. Sijachukua. Nifanye nini? Nijibuni haraka tafadhali.

Hesabu za Dukani

Wa alaikum salaam ndugu yangu. Hujachukua, alhamdulillahi. Nisikilize.

Usiipokee floti hiyo kwa hali yoyote, hata akisema ni ya siku moja. Leo, kabla ya Magharibi, mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwako mwenye akili na mwenye sauti: mke, kaka, mzazi, yeyote ambaye ukishamwambia hutaweza kurudi nyuma. Najua hilo ndilo zito kuliko yote. Lakini wao wanatembea juu ya siri yako, na siri ikishatoka wanakosa pa kukanyaga.

Kisha acha kuandika. Usimpe kijana maelezo marefu, usibishane, usimtishie. Mwambie umeacha, familia imejua. Unachodaiwa na tajiri mpaka jana kipige hesabu mbele ya mtu wako wa nyumbani, na kabla hujatoa shilingi nenda kwa wakili. Wakili atakueleza ulipe au usilipe, na namna gani, kwa sababu hali ya kila mtu ni tofauti na mie si mwanasheria. Daftari usilichome. Watu wakiogopa wanachoma madaftari. Lile ndilo litakaloonyesha ulianza lini, uliishia wapi, na kwamba pesa za watu usiowajua hazikuwahi kupita kwako.

Badilisha namba ya siri ya laini ya uwakala sasa hivi, ukimaliza kusoma. Kama yupo mtu mwengine amewahi kuishika simu hiyo, ita mtandao wako uwaeleze. Usiiazime kwa yeyote. Kama kuna muamala hata mmoja usioujua, uandike pembeni, tarehe na kiasi, umpe wakili.

Polisi ni hatua ambayo nakushauri uende na wakili na mtu wa nyumbani, usiende peke yako usiku. Kama unamhofia askari wa karibu kwa kuwa ulimwona akikaa baraza moja na kijana, ziko ofisi nyengine: ipo ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ipo ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi Zanzibar. Unachagua mlango, lakini uingie kabla hawajakuletea boksi. Aliyekwenda mwenyewe, na mapema, anasikilizwa tofauti na aliyekutwa.

Baharia wa Mkoani

Ndugu Hesabu, nimekuelewa. Mie nina mdogo wangu ana kidirisha pale bandarini. Namtumia uzi huu sasa hivi. Na huyu ami, yuko katika hali gani? Kama unaweza kusema.

Hesabu za Dukani

Naweza kusema kidogo, kwa idhini yake.

Aliwaambia kaka zake baada ya Isha, wote kwa pamoja. Mkubwa wao alinyanyuka akatoka nje, tukadhani ameondoka kwa hasira. Alirudi, akauliza swali moja tu: maboksi bado yamo stoo? Yalikuwemo. Asubuhi yake walikwenda na wakili. Maboksi yalichukuliwa na polisi mbele yake na mbele ya sheha, yakaandikwa. Kilichomo kimo kwenye jalada na suala liko mikononi mwa sheria, kwa hivyo sitaliandika hapa. Kama atashtakiwa au atakuwa shahidi, hilo nalo halijaamuliwa. Anajua kuwa Chuo cha Mafunzo, yaani jela, kinaweza kuwa mbele yake na amesema atakwenda kama ndivyo.

Laini ya uwakala ameifunga. Kaka zake wamekodisha mikarafuu ya urithi kwa msimu mmoja, wakalipa madeni halali ya duka la jumla. Kwa mkopeshaji yule hawajatoa kitu, kwa ushauri wa wakili. Mtu wa vespa amepita mara kadhaa, hakushuka. Kila jioni sasa kaka mmoja anakaa barazani mpaka duka linafungwa, na majirani wameanza kukaa naye.

Duka liko wazi. Halijajaa, lakini unga upo na sukari ipo, na watu wananunua. Daftari jipya lina upande mmoja.

Mwenye Duka Konde, nimekuandikia faragha. Nimekupa namba ya wakili anayeshughulikia mambo haya, anakusubiri kesho asubuhi. Wenye maduka wengine wa Wete, Micheweni na Mkoani mnaotaka tukutane, niandikieni huko huko faragha, niwaelekeze mahali na saa.